Kumbukumbu za Mkutano, Ajenda ya Nne

Mkutano ulifunguliwa saa nane na robo
kwa dua ya Maalim Bwanaheri na sala ya Mama Mutheu,
kila mmoja akipima urefu wa mwenzake.
Waliohudhuria: mia moja na kumi na wawili.
Waliotuma udhuru: hakuna.
Hili halijapata kutokea hapa Kisauni
tangu kilipotitia choo cha wavulana.

Ajenda ya kwanza hadi ya tatu zilipita kama maji mferejini.
Ya nne: programu ya kimataifa.

Afisa alikuja na projekta, umeme ukakataa,
basi akatuonyesha dunia kwa mikono.
Watoto arubaini, alisema. Darasa moja, rangi mpya,
masomo hadi saa kumi na moja jioni,
cheti kinachosomeka Jeneva na Singapuri.
"Itawafikisha chuo," akasema.
Bi Mwanakombo akainuka, baibui lake limenaswa na msumari wa benchi:
"Wangu yuko chuo tayari, baba.
Kila alasiri, kwa Maalim. Amefika juzuu ya kumi na mbili.
Hiyo saa kumi na moja yako ikesha,
nani atamsomesha? Popo?"

Nimeandika: Wazazi waliuliza kuhusu ratiba.

Mwalimu Nyamawi hakusimama.
Alisema akiwa amekaa, kama mtu anayehesabu chenji:
"Mimi nina themanini na saba. Chaki nanunua mwenyewe.
Hilo darasa lenu litashikana ukuta na langu.
Watoto wangu watakuwa wakiisikia feni."

Nimeandika: Mwalimu alitoa maoni kuhusu majengo.

Ikaja karatasi ya mchango wa hiari, shilingi elfu tatu.
"Hiari gani ina tarehe ya mwisho?" akauliza Ouko wa Shimanzi.
Mtu akamwita mwenziwe kibaraka,
mwenziwe akamwita kisiki,
mwenyekiti akagonga meza kwa kiatu, kisha akakitafuta kiatu.

Ndipo Kadzo akaja mbele. Kadzo ambaye hasemi.
"Miaka tisa napiga deki Nyali
kwenye nyumba ya watoto wanaosoma hii hii.
Madaftari yao nayapangusa vumbi. Nayafungua. Nayafunga.
Mnasema si ya kwetu.
Nani aliwaambia ni ya kwao?
Jina la mwanangu limo. Atakayelifuta
aje alifute mbele yangu, nimwone kidole."

Hapo sikuandika kitu.

Na hili pia halimo katika kumbukumbu:
kwamba katibu ana pacha.
Zena ni nambari thelathini na nane. Fumo hayumo.
Programu inataka watoto wadadisi,
yasema karatasi yao, ukurasa wa pili, kwa herufi nene.
Swali la tatu la mtihani lilihusu treni mbili zinazokutana.
Fumo aliandika pembeni: Reli ni moja au ni mbili?
Akangoja ajibiwe
mpaka kengele ikalia.

Mwenyekiti akaitisha kura.
Wanaokubali, nikahesabu mikono hamsini na mitano.
Wanaokataa, hamsini na sita.
Nikarudia kutoka mlangoni, mkono kwa mkono,
wa Kadzo ukiwa juu bado, hata zamu yake ilipopita.
"Katibu, hesabu imetimia?"
Mkono wangu ulikuwa na kalamu.
"Tuandikie basi," akasema.

Nyumbani niliwakuta wakigombania bakuli la mbaazi,
yeye na dadake, mahamri yamebaki matatu.
Zena hakuuliza. Alinitazama vidole, vina wino.
Fumo ndiye, mdomo umejaa:
"Mama, kura ilikuwaje?"

"Kula," nikamwambia.